Nzi wa Shangazi: kutoka Mto Gura hadi bahari ya Watamu

Kenya ni mojawapo ya nchi zinazofunga nzi bandia wanaotumiwa na wavuvi wa Ulaya na Marekani. Kazi hii hufanywa kwa mikono, na mikono yenyewe aghalabu ni ya wanawake. Ndoana hubanwa kwenye jiriwa ndogo ukingoni mwa meza, uzi mwembamba huzungushwa kuanzia kwenye kitundu hadi kwenye pindo, kisha huongezwa manyoya ya jogoo, nywele za mnyama, nyuzi za kung'aa na ushanga wa shaba, mpaka kitokee kitu ambacho samaki atakidhania kuwa mdudu, kamba au dagaa. Shangazi yangu ameifanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Hufunga kwa madazeni akifuata sampuli iliyowekwa mbele yake, na wote katika dazeni moja sharti wawe na mkia wa urefu mmoja na tumbo la unene mmoja. Wakishakamilika hutiwa kwenye pakiti, na pakiti huondoka.

Asichowahi kukiona ni samaki akimchukua nzi wake.

Mimi huvua kwa nzi kila nipatapo nafasi, na sikujua kwamba hajawahi kuona mpaka aliponiuliza, akiwa hajainua macho kutoka kwenye jiriwa, kama samaki humtafuna nzi au humnyonya. Nilimwambia inategemea samaki.

"Samaki gani?"

"Kila mmoja na wake, Shangazi. Twende ukaone."

Alifikiri kidogo. "Sawa, mwanangu. Lakini nzi nitachagua mimi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza safari ya kufuata samaki wa aina nyingi kadiri tulivyoweza, ndani ya nchi moja, kwa ufito na nzi tu: trauti wa Aberdare, besi na karpi wa Naivasha, kuyu wa Sagana, na mwisho samaki wa bahari kubwa nje ya Watamu.

Kwa asiyeujua uvuvi huu, siri yake imo kwenye mshipi. Mvuvi wa kawaida hufunga chubwi, na uzito wa chubwi ndio unaouvuta mshipi kwenda mbali. Nzi bandia hana uzito wa kufika hata hatua chache. Basi uzito umetiwa ndani ya mshipi wenyewe. Mshipi ni mnene na umevikwa plastiki. Ukiurudisha nyuma kwa ufito na kusimamisha mkono ghafla, hunyooka angani nyuma yako. Ukiusukuma mbele na kusimama tena, hujikunja kitanzi, na kitanzi hicho hujifungua kuelekea majini. Mwisho wake hufungwa uzi mwembamba ambao samaki hauoni kwa urahisi, na nzi. Fito hupewa nambari kulingana na uzito wa mshipi zinaoubeba: 4 au 5 hutosha kwa trauti, 8 ni ya besi, 12 ni ya sulisuli. Ni uvuvi wa kale. Yapata mwaka 200, mwandishi wa Kirumi Aelian aliandika kuhusu watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo kwenye ndoana ili wawapate samaki wenye madoadoa mtoni. Shangazi aliposikia hilo alitaka kujua walibana ndoana kwa kitu gani kabla ya jiriwa kuwepo. Sina shaka walibana kwa vidole.

Tulianza kwenye Mto Gura, huko Aberdare, kwa sababu historia ya trauti nchini inaanzia hapo. Mwaka 1905 Ewart Grogan, ambaye alikuwa amejipatia jina kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Scotland. Yalikuja kwa meli, yakapanda reli, kisha yakavushwa milima mabegani mwa wapagazi hadi kwenye mto huu. Trauti wa upinde wa mvua walifuata miaka michache baadaye. Trauti hustawi maji yakiwa chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, na karibu na ikweta maji ya namna hiyo hupatikana juu tu: kwenye miteremko ya Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Elgon, ambako msitu huyatunza yawe baridi. Ukikata msitu, trauti huondoka kabla hata maji hayajapungua.

Gura ni mto wenye haraka. Unaporomoka kutoka kwenye nyika ya juu, unaruka maporomoko, unaingia kwenye korongo lenye mianzi na miti iliyoota kuvu, na kelele yake hukufanya uzungumze kwa mikono. Tulikwenda na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwenye bunduki, kwani nyati wa Aberdare hupenda kulala kwenye mianzi, na hawapendi kuamshwa. Mimi nilikuwa nikiunganisha ufito. Shangazi alikuwa ameshavua viatu, ameingia kwenye maji ya kina kifupi, na anapindua mawe.

Chini ya jiwe la tatu aliita. Juu ya kiganja chake kilikuwa kibuu cha mdudu wa majini, kahawia, bapa, chenye miguu sita na nyuzi za mkia, kikitambaa kuelekea kidoleni.

"Huyu nimemfunga maisha yangu yote," alisema. Alimgeuza kwa upole. "Lakini mkia wetu ni mrefu mno. Na hapa kifuani wanatuambia tuweke kinene. Tazama, ni chembamba."

Nasema kwa moyo wangu wote kwamba hapo ndipo safari ilipojilipa. Mtu aliyefunga kwa kufuata sampuli alikuwa amekutana na mdudu ambaye sampuli ilijaribu kumuiga, na jicho lake lilikuwa kali kuliko la mwenye sampuli. Alirudisha jiwe lilivyokuwa, kwa upande ule ule. Sikuwa nimemwambia kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa.

Trauti wa kwanza alimchukua Kenya Bug, nzi mweusi anayebeba jina la nchi hii, kwenye maji yaliyotulia nyuma ya jabali. Trauti wa mito hii si mkubwa. Huyu alitoshea kwenye kiganja kimoja na nusu, mgongo wa zaituni, ubavu wa dhahabu, na madoa mekundu yaliyozungukwa na duara hafifu la buluu. Nilimtia kwenye wavu wa mkono bila kumtoa majini, Shangazi akainama akamwangalia mdomo. Nzi alikuwa amekaa pembeni kabisa mwa taya. "Kwa hiyo hutafuna," alisema, nami nikamweleza kwamba trauti wa maji ya kasi hana muda wa kutafuna: kitu kinapita, anafungua mdomo, anaonja, na kama si chakula anakitema kabla wewe hujapepesa jicho. Ndiyo maana mvuvi hutazama mahali mshipi unapokutana na maji, akingoja usite hata kidogo.

Jambo la kukumbuka kuhusu trauti ni namna walivyotunzwa. Walikuja kama wageni, na wageni hawa walipewa leseni yao, urefu wa chini ambao chini yake ni lazima samaki arudishwe, na mito ambamo haikuruhusiwa kuvua kwa kitu kingine isipokuwa nzi bandia. Kiganjo, karibu na Nyeri, kukajengwa kituo cha kuzalisha vifaranga vyao. Sipingi hata kidogo. Namtaka trauti aendelee kuwepo Gura. Nataja tu kwa sababu ya yale tuliyoyaona mbele ya safari.

Aberdare hugawa mvua yake. Inayonyesha mashariki huingia Gura, Chania na Mathioya, ikafika Sagana, ikawa Tana na kumaliza safari baharini. Inayonyesha magharibi huingia Malewa, na Malewa humwaga Naivasha, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Maji yake hupenya ardhini, na hiyo ndiyo sababu yamebaki bila chumvi ilhali maziwa jirani yake ya Bonde la Ufa ni ya magadi. Tuliteremka upande huo.

Naivasha ni ziwa ambalo karibu kila samaki aliyemo ana tarehe ya kuwasili. Besi wa mdomo mpana aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, akaletwa tena baadaye. Perege walipandwa kwa awamu. Mwaka 1970 waliingizwa kamba wekundu wa maji baridi, asili yao Louisiana. Mwaka 2001 wavuvi walianza kuwapata karpi, ambao inaelezwa walitoka kwenye mabwawa ya ufugaji yaliyo juu ya ziwa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, na ndani ya miaka michache karpi wakawa sehemu kubwa ya samaki wanaotolewa ziwani. Kwa upande wa wenyeji, palikuwa na samaki mdogo ambaye wanasayansi walimwita Aplocheilichthys antinorii. Mara ya mwisho kuonekana ziwani ilikuwa mwaka 1962. Besi hatajwi peke yake katika kutoweka kwake, ila hutajwa daima.

Nilimsimulia Shangazi habari hizi tukiwa kwenye boti asubuhi, katikati ya migunga iliyokufa imesimama majini. Tangu ziwa lipande, hasa mwaka 2020, ukanda mzima wa miti ya ufukweni ulizama, na besi wamehamia humo, kwa kuwa besi ni samaki wa kuvizia na anahitaji kivuli na kizuizi. Mwenye boti alikuwa kijana makini. Alizima injini mbali na miti, akatumia kasia, macho yake yakizunguka bila kupumzika.

"Mama, tafadhali, mkono ndani," alimwambia Shangazi. "Yule pale akizama, hatujui atatokea wapi."

Kiboko alizama. Tulingoja mpaka akatokea, mbali, upande mwingine, ndipo tukaendelea. Mtu akikuambia anavua Naivasha bila kuwafikiria viboko, usipande boti yake.

Nzi ambaye Shangazi alimchagua hapo alikuwa Woolly Bugger wa kahawia yenye wekundu, mkia wa manyoya laini unaopumua majini, na uzito kichwani. Aliniambia nimwache azame, nimvute kidogo, nimwache tena. "Kamba haendi moja kwa moja," alisema. "Huruka nyuma." Kijana wa boti alimtazama kwa heshima mpya. Ni kweli: kamba anapotishwa hupiga mkia na kurudi nyuma kwa kurukaruka, na besi hungoja ile hatua ya kutulia. Ufito ulipinda palipo mgunga wa tatu au wa nne. Besi huvuta tofauti na trauti. Trauti hukimbia, besi hugeuza ubavu, hutikisa kichwa, kisha hujirusha juu ya maji akiwa amefungua ule mdomo mkubwa, akijaribu kumtema nzi hewani. Humeza kwa kufyonza: hufungua mdomo na mashavu kwa ghafla, maji huingia, na kilichomo ndani ya maji hayo huingia pamoja nayo. Hilo lilimjibu Shangazi nusu ya swali lake la kwanza.

Karpi tulimfuata jioni kwenye maji ya kina kifupi, naye ndiye aliyetushinda. Unamwona: mkia umechomoza juu ya maji, pua imechimba tope, wingu la matope linampanda kifuani. Unarusha nzi mdogo mzito mbele yake kwa kiasi cha mkono mmoja; ukikaribisha zaidi anashtuka, ukirusha mbali hamwoni. Ana hisia kali ya ladha na mtikisiko, na anapoondoka huondoka na wenzake wote. Tulirusha mpaka mwanga ukatutoka. Nampenda samaki huyu kwa ukaidi wake. Wavuvi wa nyavu wanaomuuza sokoni wana sababu zao za kumpenda, na sababu zao ni nzito kuliko zangu.

Turkana hatukwenda, na watu wataniuliza kwa nini. Sangara wa Turkana ni mwenyeji halisi, tofauti na wa Ziwa Victoria, aliyepandwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 na kuwamaliza furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa hilo, wengi mno. Turkana pia kuna samaki wa jamii ya Hydrocynus, wenye meno marefu yaliyo nje ya taya. Lakini upepo wa ziwa lile huamua ratiba ya kila mtu, na ziwa kubwa hivyo linahitaji safari yake lenyewe.

Tukarudi mashariki, tukashuka kuufuata mto mpaka Sagana.

Hapa maji ni yale yale ya Gura. Yamepita kwenye mashamba ya chai na kahawa, yamepokea mito mingine, yamepata joto. Trauti amebaki juu. Kwenye mawe na maporomoko madogo ya Sagana anaishi kuyu, samaki wa jamii ya Labeobarbus, ambaye hakuletwa na mtu yeyote. Alikuwepo kabla ya Grogan na kabla ya reli. Ni ndugu wa samaki ambao wavuvi wa nzi wa Afrika Kusini huwafuata kwa mapenzi makubwa katika mito ya Orange na Vaal, na kwa maoni yangu, katika maji ya mto hakuna samaki mwenye nguvu zaidi kwa kilo yake hapa kwetu.

Mwili wake umetengenezwa kwa ajili ya mkondo: mrefu, imara, magamba makubwa yenye rangi ya shaba inayogeuka dhahabu juani, na jozi mbili za sharubu pembeni mwa mdomo. Mdomo uko chini na hujinyoosha mbele kama bomba. Hana meno ya taya. Meno yake yako kooni, na humo ndimo husaga alichookota. Midomo yenyewe hutofautiana ndani ya mto mmoja: wapo wenye midomo minene ya nyama, inayowafaa kuchokonoa kati ya mawe, na wapo wenye makali magumu ya kukwangulia mwani. Hula mabuu ya wadudu, konokono, mwani, hata matunda yaliyodondoka majini. Mvua zinapojaza mto, hupanda kwenda kutaga mayai kwenye changarawe safi yenye maji yanayopita kwa kasi.

Shangazi alipindua mawe tena. Mabuu yalikuwa mengi kuliko ya Gura, na makubwa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akaweka jiriwa yake juu ya jabali, akakaa chini kwenye mchanga, akafunga nzi wake mwenyewe. Hakuwa na sampuli mbele yake. Alitumia ndoana namba 10, ushanga mzito wa tungsteni ili nzi ashuke haraka kwenye maji ya kasi, mwili mwembamba wa uzi wa kahawia uliozungushiwa waya, mkia mfupi, mfupi sana, na unyoya mmoja wa kanga mbele kwa ajili ya miguu. Vijana wawili waliokuwa wakivua kwa minyoo walisogea kumtazama.

"Mama, huyo atazama kweli?" mmoja aliuliza.

"Atazama, mwanangu. Ngoja."

Kuvua kuyu kwa nzi ni kuvua sakafu ya mto. Unasimama mpaka magotini, unarusha juu ya mkondo, unanyanyua ufito ili mshipi usiburutwe, na nzi anaviringika juu ya mawe kwa mwendo ule ule wa maji. Akienda haraka zaidi ya mapovu yaliyo juu, kuyu hamgusi. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa kuwa nzi asiyegusa chini hapati kitu na nzi anayegusa chini hunasa kwenye mawe. Nilinasa na kuchomoa, nikanasa na kuchomoa. Kisha jiwe moja likaondoka.

Mwanzo hakuruka wala hakutikisa kichwa. Aliegemea mkondo kwa uzito wake wote, akashuka nao, na rili ikalia mpaka vijana wakaanza kukimbia ukingoni kumfuata. Uzi wote mnene ulitoka, ukabaki ule mwembamba wa akiba. Ilinibidi nitoke majini na kukimbia nao. Alisimama nyuma ya jabali, nikamrudisha, akaondoka tena, na mara ya pili nilidhani nimempoteza, maana mshipi ulilegea, kumbe alikuwa anapanda kuja kwangu. Tulipomfikia kwenye maji ya kina kifupi, Shangazi alishika wavu mwenyewe.

Alikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na kidogo zaidi. Nzi alikuwa ndani ya ule mdomo unaonyooka, katikati kabisa. Shangazi alimtoa kwa vidole vyake viwili, kwa wepesi wa mtu aliyeshika ndoana maisha yake yote, akamshikilia samaki kichwa kikitazama juu ya mkondo mpaka mkia ukaanza kupiga wenyewe.

"Huyu hatafuni wala hafyonzi," alisema. "Huyu huokota."

Yule kijana mkubwa aliuliza kwa nini tumemwachia. Lilikuwa swali la haki, nalo lilistahili jibu la kweli. Nilimwambia kuyu wa ukubwa ule amechukua miaka mingi kukua, na kwamba kama ni jike hubeba mayai mengi kuliko wadogo kumi. Akaniambia wao huwala wote, wadogo kwa wakubwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia kipimo. Kisha akaongeza jambo lililonikaa kichwani: zamani walikuwa wakiwapata hapo hapo darajani, sasa wanapanda mbali kuwafuata, na pale lori za mchanga zilipochimba changarawe hawawapati kabisa. Babu yake ndiye aliyemwonyesha mahali wanapotagia. Hakuna kitabu kilichoniambia hivyo. Kijana yule aliyajua.

Chini ya Sagana, mto unakutana na mabwawa: Masinga lilikamilika 1981, na mengine yako mbele yake. Samaki anayehitaji kupanda na kushuka hawezi kuvuka ukuta. Kwa hiyo vipande vya mto vilivyobaki wazi juu ya Masinga vina thamani zaidi ya urefu wake kwenye ramani.

Watamu tulifika upepo wa kaskazi ukiwa umekaa. Kuanzia Novemba hadi Machi hivi, bahari hutulia na sulisuli hukaribia pwani. Ndani ya hifadhi ya baharini, iliyotangazwa 1968, hakuvuliwi. Mashua hupita kwenye mlango wa mwamba na kutoka hadi maji yabadilike rangi. Njiani tulikutana na kundi la sehewa juu ya maji, na mzia mmoja akakata uzi kwa meno kabla sijajua ni yeye. Kolekole nilimpata nje ya mwamba kwa nzi mweupe wa Clouser, mwenye macho ya risasi yanayomfanya aogelee kichwa chini. Alinivuta kuelekea chini bila kupumzika, na mgongo wangu ulimkumbuka kwa muda. Hao ningeweza kuwaandikia makala yao. Tulikuja kwa ajili ya sulisuli.

Sulisuli hafuatwi kwa nzi peke yake. Nyuma ya mashua huburutwa vivutio visivyo na ndoana. Samaki anapotokea na kuanza kukipiga kwa ule upanga wake, baharia hukivuta taratibu, akimkasirisha, mpaka afike umbali wa kurushiwa. Hapo nahodha huondoa gia, kwa sababu kanuni za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, zinataka mashua isisukumwe na injini nzi anaporushwa. Kivutio huchomolewa, nzi huanguka mahali pake, na una sekunde chache.

Nzi wa Shangazi alikuwa mrefu kuliko kiganja: manyoya meupe na waridi, na kichwa kinene cha povu cha kusukuma maji. Sulisuli alikuwa nyuma ya kivutio, mbavu zake zimewaka buluu na zambarau. Rangi hiyo huwaka anapowinda. "Mama, tazama upande wa kushoto!" nahodha aliita. Kivutio kikatoka. Nikarusha. Akageuka, akatoa upanga majini, akamchukua nzi akielekea pembeni, jambo ambalo ndilo unaloliomba, kwani akimchukua akija moja kwa moja ndoana huteleza kwenye mfupa.

Sitaeleza mapambano yote. Aliruka mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na kila aliporuka niliinamisha ufito kumwelekea ili uzi usikatike. Alipoletwa ubavuni, baharia alimshika upanga kwa glavu, nahodha akamchoma alama ndogo ya plastiki chini ya pezi la mgongoni, akajaza kadi: tarehe, mahali, makadirio ya uzito. Kadi hizo hupelekwa African Billfish Foundation, iliyo hapo Watamu na inayoratibu alama hizi tangu 1990. Samaki aliburutwa polepole kando ya mashua ili maji yapite kwenye matamvua yake, kisha akaachwa.

Shangazi aliomba aione ile kadi. Aliisoma yote, akaigeuza, akamrudishia nahodha.

"Na yule wa Sagana," aliniuliza, "kadi yake iko wapi?"

Sikuwa na la kumjibu baharini, ila nimelifikiria tangu hapo. Trauti aliletwa na akawekewa kanuni na kituo cha kumzalisha. Sulisuli ni wa bahari zote, na ana alama na kadi. Kuyu ni wetu, anaishi karibu na mamilioni ya watu, anapigana kuliko trauti yeyote niliyewahi kumshika, na wavuvi wenyewe wa Sagana hawajapewa kipimo chake. Nataka awe na urefu wa chini unaotangazwa kwa wavuvi wa mtoni. Nataka miezi ya mvua anapopanda kutaga iheshimiwe, na maeneo yake ya changarawe yasichimbwe. Sagana penyewe pana kituo cha serikali cha ufugaji samaki kilichoanzishwa 1948, chenye wataalamu wanaojua kuzalisha sato na kambare. Ningefurahi kusikia kwamba sehemu ya ujuzi huo imeelekezwa kwa samaki anayepita karibu na ua wao. Na sisi tunaovua kwa nzi, tunaosafiri mbali na kulipa ili tumpate trauti, tuvue kuyu pia, tuandike tunachopata, tuzungumze na wanaoishi ukingoni, maana wao ndio wanaojua mahali anapotagia.

Shangazi amekwisha kufunga dazeni la kwanza la nzi wa Sagana, kila mmoja na mkia wake mfupi, kwenye ndoana ambazo kijino cha kumzuia samaki asichomoke kimebanwa kwa koleo. Nusu aliwapelekea wale vijana pamoja na daftari na utepe wa kupimia. Daftari linakaa kwa yule mkubwa. Lina safu za tarehe, urefu, rangi ya maji, na kama samaki alirudishwa au alipelekwa nyumbani, na kila anayevua sehemu ile ya mto, awe na ufito au mshipi wa minyoo, anakaribishwa kuandika.